Pwani Inayokimbiwa na Bahari

Kaskazini ya Uswidi, pale Ghuba ya Bothnia inapoitenga nchi hiyo na Ufini, pana mji wa bandari uitwao Örnsköldsvik. Si mji mkongwe. Ulianza kuwa kituo cha biashara mwaka 1842, ukapewa daraja la mji mwaka 1894, na jina lake latokana na Per Abraham Örnsköld, aliyekuwa gavana wa jimbo hilo katika karne ya 18. Mbao na karatasi ndizo zilizoukuza. Lakini atokaye mjini kwa miguu na kuelekea kusini huiacha historia hiyo fupi baada ya saa chache, akaingia katika historia nyingine ambayo urefu wake haupimwi kwa karne. Njia ya miguu ianziayo hapo mjini, katika kilima cha Varvsberget, hufuata pwani kwa kiasi cha kilomita 130 mpaka kilima cha Hornöberget, karibu na mdomo wa mto Ångermanälven. Wenyeji huiita nchi hiyo Höga Kusten, yaani Pwani ya Juu, na njia yenyewe wameipa jina hilo hilo.

Mtu aendaye njia hiyo hukanyaga sakafu ya bahari. Sisemi kwa mafumbo. Misitu ya misonobari anayopita, mashamba ya majani, mabonde yenye vijiji na makanisa, hata majabali yanayomtoa jasho, vyote hivyo vilikuwa chini ya maji, na kokoto zilizosuguliwa na mawimbi zingaliko pale zilipoachwa. Insha hii yataka kueleza jinsi wanadamu walivyolitambua jambo hilo. Naona yafaa kuelezwa, kwa kuwa walioligundua kwanza hawakuwa wanachuoni. Walikuwa wavuvi na wawindaji wa sili. Na wanachuoni walipolisikia kwao, waligombana juu yake zaidi ya miaka mia moja.

Tuanze na lile lijulikanalo leo, ili msomaji apate kuwapima watu wa zamani kwa haki. Miaka 20,000 iliyopita nchi zote za kaskazini ya Ulaya zilifunikwa na barafu, na katika sehemu hii unene wake ulifikia kiasi cha kilomita 3. Uzito huo uliididimiza ardhi kama kiganja kinavyoubonyeza unga uliokandwa. Barafu ilipoanza kuyeyuka ardhi ilianza kurudi juu, na hata sasa haijamaliza safari yake. Pwani ya Juu ilivuliwa barafu zaidi kidogo ya miaka 10,000 iliyopita, na bahari ikaingia mara moja mahali ilipoondoka. Alama ya juu kabisa iliyoachwa na mawimbi ya siku zile hivi leo iko mita 286 juu ya maji, na hakuna mahali pengine duniani palipojulikana kuwa ufuo wa kale umeinuliwa kiasi hicho kwa sababu hiyo. Mwanzoni ardhi ilipanda kwa haraka sana. Siku hizi hupanda kiasi cha milimita 8 kwa mwaka, karibu sentimita 80 katika karne. Mtu aliyeishi miaka 70 huiacha nchi yake ikiwa imepanda zaidi ya nusu mita tangu alipozaliwa.

Alama hiyo huonekana vizuri sana katika mlima wa Skuleberget, ambao njia yetu huufikia baada ya kupita msitu wa Skule. Kilele chake kina mita 295. Siku barafu ilipoondoka, mlima huu wote ulikuwa majini isipokuwa kichwa chake tu, kisiwa kidogo kisichotosha hata kujenga kijiji. Juu ya kichwa hicho udongo ulioletwa na barafu haukuguswa na mawimbi, na kwa hiyo miti imeota kwa wingi. Chini yake mawimbi yaliosha udongo wote karne kwa karne, mlima ulipokuwa ukipanda, yakaacha mwamba mtupu. Sisi tumezoea kuona kipara kikianzia utosini. Mlima huu umenyolewa pande zote, ukaachiwa nywele utosini. Yako majabali mengi ya namna hiyo katika pwani ile, na mtu akishajua kisa chake aweza kusimama popote akayasoma: pale nywele zinapokoma, hapo ndipo bahari ilipoanza.

Mwezi wa Mei mwaka 1732 kijana mmoja aliyekuwa ametimiza miaka 25 karibuni aliupanda Skuleberget. Alikuwa Carl Linnaeus, aliyetumwa na chama cha wanachuoni wa Uppsala kwenda Lappland kuchunguza mimea, wanyama, mawe na desturi za watu. Barabara ya pwani wakati ule ilipita katika msitu wa Skule, nao ulikuwa na sifa mbaya ya wanyang'anyi. Yasemekana kwamba pango lililoko ubavuni mwa mlima lilikuwa maficho yao. Linnaeus alitaka kuliona pango hilo, akapanda pamoja na wenyeji. Katika kupanda, mwenziwe aliyekuwa juu yake alilegeza jiwe kubwa, nalo likaporomoka na kuanguka pale pale alipokuwapo Linnaeus muda mfupi kabla. Jiwe lile lingalikuwa na haraka kidogo, ulimwengu ungalikosa ule utaratibu wa kuipa mimea na wanyama majina mawili ya Kilatini ambao wanafunzi wote wa elimu hiyo hutumia mpaka leo. Linnaeus alishuka salama akaendelea na safari yake. Huenda aliupita ule mpaka wa nywele na kipara asiuone, maana bado hakuwa na sababu ya kuutafuta. Miaka 11 baadaye angekuwa nayo.

Sasa turudi kwa watu wa pwani. Msomaji aliyekulia mahali penye kupwa na kujaa mara mbili kila siku huenda akashangaa kwamba mtu aliweza kutambua badiliko dogo namna hiyo. Lakini Ghuba ya Bothnia haina maji makuu wala maji madogo ya kutajika. Upepo na kanieneo ya hewa huyapandisha na kuyashusha maji kwa siku chache, kisha hurudi mahali pake. Basi mwamba uliogusa maji wakati wa babu, ukiwa sasa umekauka, huo ni ushahidi mbele ya kila mtu. Wavuvi waliona milango ya bahari waliyopita na mashua zao ikiwa mikavu. Waliona mabanda yao ya mashua yakibaki nyuma kwenye majani, wakayahamisha kuyafuata maji. Miji nayo ilihama. Watu wa Östhammar, kusini zaidi, walipoona bandari yao haifikiki walianzisha mji mpya wa Öregrund mwaka 1491. Luleå, upande wa kaskazini, ulipewa haki ya mji mwaka 1621, na mwaka 1649 ikabidi uhamishwe kwa kuwa meli hazikuweza tena kuufikia. Miaka 28 tu! Mji wa kale uliobaki bara huitwa Gammelstad, na kanisa lake kubwa la mawe lingali limesimama mbali na bahari lililojengwa kuihudumia.

Lakini shahidi bora kuliko wote lilikuwa jiwe la sili. Mnyama huyu hupenda kupumzika juu ya mwamba ulio sawa na maji au ulioyazidi kidogo, ambao aweza kuupanda kwa matumbo na kuuacha upesi akishtuka. Mwindaji aliyeujua mwamba wa namna hiyo alikuwa na mali. Mafuta ya sili yaliwasha taa, na ngozi zake ziliuzwa. Kwa hiyo miamba hiyo ilirithiwa na kuuzwa kama mashamba, na maofisa wa mfalme waliiandika katika vitabu vya kodi. Hapo ndipo penye fundisho kwa mwanahistoria. Mwamba ukipanda mno, sili hawawezi kuupanda tena, na mwenyewe hukataa kuulipia kodi kitu kisichompa faida. Karani akaandika, asijue ya kuwa ameandika habari za mwendo wa dunia. Aliyefahamu thamani ya vitabu hivyo ni Anders Celsius, mwalimu wa elimu ya nyota huko Uppsala, ambaye wengi wetu twamjua kwa kipimo cha joto tu. Alitafuta jiwe la sili katika pwani ya Gävle lililotajwa katika maandishi ya karne ya 16, akalipima urefu wake juu ya maji ya zama zake, akagawanya kwa miaka. Katika makala aliyoitoa mwaka 1743 alisema ya kuwa maji ya bahari hupungua zaidi ya mita moja kila miaka mia. Kwa vipimo vya leo hesabu yake ilizidi, lakini ni hesabu ya kweli iliyofanywa kwa ushahidi wa kweli. Tena hakuridhika na maandishi ya watu wa kale. Mwaka 1731 alikuwa amechonga alama kwenye jabali la kisiwa cha Lövgrund, karibu na Gävle, sawasawa na uso wa maji, ili watakaokuja baadaye wasihitaji kumwamini mtu.

Celsius alisema maji yanapungua. Hakusema nchi inapanda. Aliona kama waonavyo watu wengi kwamba nchi ni kitu kilichosimama, na cha kusogea ni maji. Linnaeus aliipokea rai hiyo kwa furaha. Mwaka 1743 katika hotuba yake ya Kilatini juu ya kuongezeka kwa nchi kavu alidai kwamba hapo mwanzo bustani ya Edeni ilikuwa kisiwa kimoja chini ya mstari wa ikweta, chenye mlima mrefu, ambapo kila mnyama na kila mmea ulipata hewa iufaayo, kuanzia joto la pwani mpaka baridi ya kileleni, na maji yalipopungua viumbe vikaenea duniani. Ni wazo zuri. Lilipatanisha Maandiko na elimu ya mimea na jiwe la sili kwa pamoja, na yawezekana ndiyo sababu halikudumu.

Makasisi hawakupendezwa. Bunge la Uswidi wakati huo lilikuwa na mabaraza manne, la makabaila, la makasisi, la watu wa mijini na la wakulima. Mwaka 1747 Olof von Dalin alitoa kitabu cha kwanza cha historia ya ufalme, naye alitumia hesabu ya maji kupungua. Alisema ya kuwa zamani za kale sehemu kubwa ya Uswidi ilikuwa visiwa vitupu, na wafalme wengi waliosifiwa katika hadithi za kale hawakuwa hata na mahali pa kuweka kiti. Hasira ikapanda pande mbili. Makasisi waliona hesabu hii, ikirudishwa nyuma, yagombana na hesabu ya Gharika. Wapenda nchi nao waliona wamenyang'anywa babu zao. Haikuwa imepita miaka 50 tangu Olof Rudbeck amalize maisha yake akiandika mabuku makubwa kuthibitisha kwamba Uswidi ndiyo Atlantis na mama wa mataifa yote; sasa anakuja mtu na jiwe la sili kusema mama huyo alikuwa majini. Baraza la makasisi likaishutumu rai hiyo bungeni, na mwaka 1755 Askofu Johan Browallius wa Åbo akaandika kitabu kizima cha kuipinga.

Ni rahisi kumcheka Browallius, na wengi wamemcheka. Mimi naona amedhulumiwa. Alikuwa mtu wa elimu, rafiki wa Linnaeus, na hoja zake hazikuwa za Maandiko tu. Alionyesha miti mikongwe iliyomea karibu na maji, akauliza iliwezaje kuota pale ikiwa mahali hapo palikuwa baharini hivi karibuni. Alisisitiza kwamba vipimo vilivyoletwa havilingani, mahali hapa maji yashuka sana, mahali pale yashuka kidogo, na pengine hayashuki kabisa. Hilo la mwisho lilikuwa ufunguo wa fumbo zima, nao ulikuwa mkononi mwa mpinzani asiyejua mlango wake. Maana maji ya bahari moja yakipungua, hupungua kila mahali kwa kiasi kimoja. Ikiwa Gävle yameshuka na kusini yamebaki palepale, basi aliyesogea si maji.

Hoja hiyo ilisemwa wazi na John Playfair wa Uskoti mwaka 1802, bila kuiona Uswidi. Miaka michache baadaye Mjerumani Leopold von Buch, baada ya kusafiri Norwei na Uswidi, akatamka vivyo hivyo ya kuwa nchi nzima inapanda polepole. Charles Lyell, bingwa wa elimu ya miamba katika Uingereza, hakuamini. Nchi kupandishwa kwa tetemeko alikubali. Kupanda kimyakimya, bila mtikiso, bila moto, aliona ni habari ya ajabu mno. Lakini alifanya jambo ambalo wabishi wengi hawalifanyi. Kiangazi cha mwaka 1834 alifunga safari kwenda kuangalia mwenyewe. Alisikiliza mabaharia na wavuvi, akatazama alama zilizochongwa majabalini, ya Lövgrund ikiwamo, na mwisho wa mwaka ule akasimama mbele ya chama cha wanachuoni cha London kueleza kwamba amegeuza nia. Alama ya Celsius ilikuwa imetimiza miaka 103.

Yalibaki maswali ya sababu. Mwaka 1865 Thomas Jamieson, naye wa Uskoti, alitoa wazo kwamba ni uzito wa barafu ulioididimiza nchi, na kuondoka kwa barafu kunaiachilia. Kisha Gerard De Geer wa Uswidi akaanza kupima fuo za kale, nchi nzima, akaona zimepinda kama mgongo wa sahani iliyofunikwa: katika Pwani ya Juu ziko juu sana, na kila uendako mbali hushuka. De Geer huyo huyo ndiye aliyegundua namna ya kuhesabu miaka katika udongo. Maji ya barafu inayoyeyuka huleta tabaka nene la rangi nyeupe wakati wa kiangazi, na tabaka jembamba jeusi wakati wa baridi, na hivyo ukingo wa mto huwa kama kitabu cha karani, ukurasa kwa kila mwaka. Kitabu kilichokamilika kuliko vyote kilipatikana hapa hapa, katika bonde la Ångermanälven, ambako Ragnar Lidén aliyafuatilia matabaka kwa miaka mingi akajaribu kuyaunganisha na siku za leo. Udongo wa chini ya bahari, uliopandishwa na kukatwa na mto, ndio uliotoa tarehe za kuondoka kwa bahari.

Mwenye kujua hayo husafiri njia ile kwa macho mengine. Mahali panaposifiwa na watazamaji wengi ni Slåttdalsskrevan, ufa katika jabali la itale wenye upana wa mita 7 hivi, kina cha mita 40 na urefu wa mita 200. Hapo palikuwa na mshipa wa jiwe jingine, liitwalo diabasi, ulioingia kama kabari katika itale nyekundu, nao ukavunjika na kuliwa mpaka ukabaki ukumbi mtupu. Upitapo ndani huona mstari mwembamba tu wa mbingu. Hata hivyo mimi nathamini zaidi yale marundo ya mawe yaliyomo msituni karibu na hapo, ambayo mpita njia asiyeambiwa aweza kuyakalia akala chakula chake. Ni makaburi ya Enzi ya Shaba Nyeusi. Watu wale walizika wakubwa wao juu ya majabali ya ufukoni, mahali waonapo bahari na mahali mashua zinapoyaona makaburi. Leo makaburi hayo yako juu na ndani, yamezungukwa na misonobari, hayaoni maji wala hayaonwi. Hakuna aliyewahamisha wafu. Bahari ndiyo iliyowaacha.

Hivyo hivyo kule Nämforsen, mbali bara kando ya mto huo huo, ambako katika miamba ya maporomoko mna picha zaidi ya 2,000 zilizogongwa na wawindaji wa kale: elki, ambaye ni mnyama wa jamii ya paa mwenye ukubwa wa farasi, na samaki, na nyayo za watu, na mashua nyingi. Wageni huuliza mashua hizo zafanya nini katikati ya nchi. Jibu ni kwamba zilipochorwa bahari ilikuwa karibu na mahali hapo. Gustaf Hallström alizichunguza miaka mingi, na kitabu chake kikuu juu yake kilitoka mwaka 1960, baada ya bwawa la umeme kujengwa katika maporomoko hayo. Na huko Nordingrå lipo ziwa liitwalo Vågsfjärden. Mwisho wa jina hilo maana yake ni ghuba, nalo lilikuwa ghuba kweli, mpaka mlango wake ulipopanda ukalifunga. Jina limebaki baharini, maji yamekuwa matamu.

Visiwani maisha yalikuwa ya uvuvi. Tangu karne ya 16 wavuvi wa Gävle walikuja huku kila kiangazi na jamaa zao na vyombo vyao, wakajenga vibanda na makanisa madogo ya mbao. Kanisa la Ulvöhamn ni la mwaka 1622, na kuta zake zilipakwa picha za rangi mwaka 1719. Sheria iliwalazimu watu wa kaskazini wauze mali zao kwa Stockholm tu, wala wasisafirishe ng'ambo wenyewe, mpaka ilipolegezwa mwaka 1765. Kwa hiyo utajiri wa pwani hii ulihesabiwa katika miji mingine. Chumvi ilikuwa ghali, na yasemekana ndiyo iliyowafundisha kuchachusha heringi kwa chumvi kidogo. Samaki huyo husifiwa sana katika kisiwa cha Ulvön. Mwenye pua nyepesi na asimame upande utokako upepo. Siku hizi heringi wenyewe wamepungua, na katika miaka hii ya 2020 viwanda vimelalamika kukosa samaki wa kutosha. Baharini zaidi kuna Mjältön, kisiwa kirefu kwenda juu kuliko vyote vya Uswidi, mita 236, na Högbonden, chenye mnara wa taa wa mwaka 1909 ambao nyumba ya mlinzi wake sasa hulaza wageni.

Kusini, njia inapokomea penye Ångermanälven, kumbukumbu za watu huwa nzito kuliko za mawe. Daraja kubwa lililopo pale ni la mwaka 1997. Ukipanda mto kidogo walifika katika daraja la kale la Sandö, ambalo upinde wake ulianguka likijengwa tarehe 31 Agosti 1939, ukaua watu 18. Kesho yake Ujerumani ikaivamia Polandi, na vifo vile vikazikwa chini ya habari za vita. Jirani na hapo, Lunde, tarehe 14 Mei 1931 askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi walioandamana kuwapinga wavunja mgomo, wakafa watu watano, mmoja wao msichana aliyekuwa akitazama tu. Wanaokuja kutembea kwa furaha hupita maili chache tu kutoka hapo, na ni vema wajue.

Yaulizwa kwa haki, pwani hii ni ya nani? Katika Uswidi mtu ana ruhusa ya kupita kwa miguu katika ardhi ya mwenziwe, kulala usiku mmoja na kuchuma matunda ya porini, mradi asikaribie nyumba wala kuharibu mazao. Desturi hiyo ni ya kale, nayo mwaka 1994 iliingizwa katika katiba. Kuhusu ufuo, sheria ya mwaka 1950 ilianza kuzuia ujenzi mahali pengine, na tangu mwaka 1975 kwa kawaida hairuhusiwi kujenga ndani ya mita 100 kutoka majini. Mbuga ya taifa ya Skuleskogen, yenye kiasi cha kilomita 30 za mraba, ilitengwa mwaka 1984. Mwaka 2000 UNESCO iliiandika Pwani ya Juu katika urithi wa dunia, na mwaka 2006 ikaunganishwa na visiwa vya Kvarken vya Ufini, ng'ambo ya ghuba, ambavyo huinuka pamoja nayo. Katika nchi ambayo ardhi mpya huzaliwa kila mwaka mbele ya mlango wa mtu, sheria ya kupima kutoka majini ni sheria yenye miguu. Waliokuwa mita 90 zamani, wajukuu wao watakuwa mbali zaidi bila kuhama.

Au pengine hawatakuwa. Stockholm ina maandishi ya kipimo cha maji tangu mwaka 1774, na ni miongoni mwa ya kale kuliko yote duniani. Kwa sehemu kubwa ya muda huo maandishi hayo yasema neno moja tu, maji yashuka. Katika miongo ya karibuni sauti imebadilika. Bahari za dunia zinapanda kwa sababu ya joto, sasa kiasi cha milimita 3 au 4 kwa mwaka, na Stockholm, ambako ardhi hupanda kiasi cha milimita 5, ushindi umekuwa mwembamba. Kusini kabisa, katika Skåne, bahari imekwisha kushinda. Katika Pwani ya Juu nchi ingali inatangulia, lakini kwa mwendo uliopungua karibu nusu machoni mwa mtu asimamaye ufukoni, na kama bahari ikizidisha mbio zake wavuvi wa Ulvön waweza kuona jambo ambalo baba zao wote hawakuliona, maji yaliyosimama mahali pake.

Ile alama iliyochongwa Lövgrund mwaka 1731 sasa iko karibu mita 2 juu ya maji, na anayeikaribia kwa mashua huitazama akiinua kichwa.